Gundi ya Injinia

Jua la mchana ule lilikuwa zuri kwa watu wa aina mbili: waliofua nguo, na Injinia. Waliofua nguo tuwaache na kamba zao. Injinia alikuwa akitembea polepole katikati ya magari kwenye uwanja wa maegesho nyuma ya maduka, mikono mgongoni kama mkaguzi, akichungulia kioo cha mbele cha kila gari. Watu wengine wakichungulia gari la mtu huwa wanatafuta simu au mkoba. Injinia hakuwa na tabia za kihuni namna hiyo. Yeye alitafuta kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, ambacho joto likizidi hubanduka kikaanguka, na siku hiyo alikiona kimelala chali juu ya dashibodi ya gari la kijivu.

Akatabasamu, akajipangusa koti, akaegemea gari la jirani kumsubiri mwenye mali.

Huyu bwana hakuwahi kusomea uinjinia, wala shule yoyote haijawahi kudai kwamba ilimpitisha. Jina alijipa mwenyewe, akalizoea, kisha akaanza kununa mtu akimwita jingine. Alivaa koti la kazi la buluu lililonyooshwa pasi hadi mikono ikasimama, na mfuko wa kifuani ulikuwa umegawanywa vyumba vitatu kwa uzi mwekundu, kila chumba na kalamu yake. Kalamu mbili zilikuwa zimekauka. Ya tatu ilikuwa ganda tupu, lakini ndiyo iliyong'aa zaidi.

Mwenye gari akaja na funguo mkononi. Alikuwa mtu mzima, mtunza stoo kwa kazi yake, mwenye mkono wa birika ambao hata watoto wa dada yake waliufahamu tangu wadogo.

"Pole sana, bosi," Injinia akasema.

"Pole ya nini?"

"Ya kioo. Kimeanguka lini?"

"Juzi."

"Na siku zote hizi unaonaje nyuma?"

"Nageuza shingo."

Injinia akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyezika wengi. "Shingo haina spea, bosi."

Mtunza stoo akajishika shingo bila kutaka. Akaeleza kwamba alishaenda duka la vioo, wakamtajia bei, naye akawaaga. Akajaribu gundi ya viatu. Akajaribu chingamu. Kioo kilikaa mpaka saa nne asubuhi, jua lilipochachamaa kikaanguka.

"Mimi sikutajii bei," Injinia akasema. "Kikishika, utanipa unachoona. Kisiposhika, hunidai, sikudai, tunaagana kama ndugu."

Basi. Mtu mwenye mkono wa birika anaweza kupita mbele ya kila kishawishi cha dunia hii akiwa na macho makavu, ila ukimwonyesha kitu cha bure, hajiwezi. Mtunza stoo akafungua mlango kabla Injinia hajamaliza kusema ndugu.

Injinia akatoa chupa ndogo iliyokuwa ya dawa ya kikohozi, sasa imebanduliwa karatasi. Ndani mlikuwa na uji wa unga wa ngano, uliotiwa tone la dawa ya kuyeyushia rangi ili unuke kisomi. "Hii ndiyo inayoshika madirisha ya ndege," akasema kwa sauti ya chini. "Umewahi kusikia dirisha la ndege limedondoka?"

"Sijawahi."

"Sasa."

Na hapa tumpe haki yake: alifanya kazi kwa heshima. Alikwangua mabaki ya gundi na chingamu kwa wembe, akafuta kioo cha mbele kwa kitambaa safi, akakisugua kile kichuma kidogo cha kushikizia mpaka kikang'aa. Fundi wa kweli asingefanya zaidi. Kisha akakifunga kioo cha kutazamia nyuma kwa gazeti, uso mzima, akibakiza kichuma tu.

"Gazeti la nini?"

"Gundi hii haipendi mwanga unaorudi. Ikiona mwanga unarudi, inashtuka." Akaupaka ule uji kwa vidole gumba viwili, kwa mizunguko, macho kayafumba. Madoido hayo ya vidole gumba ndiyo yaliyokuwa sahihi yake. "Kaa kwenye usukani. Shika hapa. Mikono miwili. Bana. Macho yasitoke kwenye kichuma, na usipumue kwa fujo. Ukigeuka hata kidogo, tumeanza upya."

"Mpaka lini?"

"Nusu saa tu."

Gundi ya kweli huhitaji kubanwa dakika moja. Lakini dakika moja haimtoshi mtu kutoa tairi kwenye buti. Injinia akakunja vioo vya pembeni, eti upepo usisumbue, akapinda mkono chini ya kiti akavuta kile kishikio cha kufungulia buti, eti cha kutolea hewa, halafu akaanza kupigapiga paa la gari kwa kiganja. "Nafukuza mapovu," akasema.

Mapovu yalikuwa yakifukuzwa, na nyuma Kimya alikuwa kazini. Kimya ni mwenzake. Alipewa jina hilo kwa sababu ya viatu vyake vya raba na kwa sababu maneno yake kwa siku nzima yangeingia kwenye kijiko. Yeye ndiye aliyepika gundi, yeye ndiye aliyebeba mizigo, na malipo yake Injinia alimwambia kila siku kwamba yako mbele ya safari. Akatoa tairi la akiba, akatoa jeki, akatoa na dumu la mafuta ya kupikia, akaufunga mfuniko wa buti kama anayemfunika mtoto aliyelala.

"Nakwenda kuleta kikaushio," Injinia akasema.

"Usichelewe."

"Mimi tena?"

Mtunza stoo akabaki kashika. Nusu saa ikapita. Pua ikamwasha, akaivumilia. Nzi akatua kwenye sikio akaligeuza makao. Wapita njia walimwona mtu mzima kainua mikono ndani ya gari lililofungwa, anatokwa jasho, anakitazama kifurushi cha gazeti, wakadhani ni maombi wakapita kwa adabu. Alingoja mpaka jua likahamia upande wa pili wa maduka, kwa sababu kuacha kitu cha bure katikati ilikuwa inampa uchungu. Alipoachia hatimaye, kioo kikamwangukia mapajani, na gazeti likafunguka.

Sasa, msidhani Injinia alikuwa anaiba kwa kupenda tu. Alikuwa anajenga gari.

Gari lenyewe lilikuwa nyuma ya chumba cha Kimya, chini ya turubai. Bodi pamoja na injini yake aliipata kwa mtu aliyechoka kuitazama. Betri ilitoka kwa mwuza dawa, redio kwa mwalimu wa hesabu, taa za mbele kwa msimamizi wa mazishi ambaye hakuwa na haraka, na kiti cha nyuma hata yeye alikuwa amesahau kilitoka wapi. Wote hao walikuwa wamewahi kukaa nusu saa wameshika kioo. Kilichokosekana kilikuwa gurudumu moja la mbele, na tairi la mtunza stoo likaingia pale kama lilizaliwa hapo.

Na gari lilikuwa la nini? La Jumamosi. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, ulimi wake na kazi yake vilimpatia jina la Sindano, na Injinia alimpenda. Nalisema waziwazi kwa sababu ndilo jambo pekee katika maisha yake ambalo halikuwa na uji ndani. Alimpenda mpaka akawa anamfundisha kuendesha lile gari jioni jioni, likiwa juu ya mawe, Sindano akikata kona za kufikirika huku yeye akimwambia apunguze mwendo. Sindano aliamini anachoambiwa: kwamba jamaa ana karakana, kwamba wateja humlipa kwa vipuri. Jumamosi Injinia angekwenda kwao kwa mara ya kwanza kujieleza kwa mama yake, na alikuwa amekwisha kujigamba kwamba atafika kwa gari lake. Mama mtu naye alijibu kwa ufupi: basi afike nalo, au asifike.

Kwa hiyo gari lilikuwa tayari. Lilipungukiwa kitu kimoja. Kioo chake cha kutazamia nyuma, ambacho Injinia alikinunua dukani kwa jasho lake siku moja akiwa na Sindano, kilikuwa bado kimelala kwenye dashibodi. Hakuwa na gundi ya kukibandikia.

Jioni ile ile mtunza stoo alikwenda kula kwa dada yake, kama alivyofanya kila alipoweza, kwa sababu chakula cha dada hakina bili. Alishindwa kuinua kijiko. Mikono ilikuwa inatetemeka kuanzia begani.

"Kaka, una nini?" dada yake akauliza.

Huyu dada aliendesha basi la shule mpaka alipostaafu, na miaka yote hiyo alijua nani nyuma yake anamfinya nani bila kugeuza kichwa. Kumficha kitu ilikuwa ni kupoteza muda. Mtunza stoo akasimulia yote, tairi, jeki, dumu, mapovu. Binti wa nyumba akawa anacheka chinichini na kumsogezea mjomba wake maji.

"Na koti lake, ungeliona," mjomba akasema. "Limepigwa pasi. Mfuko una vyumba vitatu vya kalamu, kwa uzi mwekundu. Nikasema huyu si mtu wa mchezo."

Binti akaacha kucheka. "Uzi mwekundu, mjomba?"

"Mwekundu."

"Umeshonwa mara mbili mbili?"

"Nilikuwa nimeshika kioo, mwanangu. Sikuwa nahesabu mishono."

Lakini Sindano hakuhitaji jibu. Mfuko ule aliushona yeye, kwa mkono, kwa sababu aliyeomba alisema mtu wa kazi yake lazima awe na kalamu karibu na moyo. Iliuma. Iliuma vibaya, na aliona aibu mbele ya mjomba wake kana kwamba ni yeye aliyebeba dumu. Akaweka kijiko chini na kutazama sahani.

Mama yake akamtazama yeye. "Ndiye huyo wa Jumamosi?"

Sindano akatikisa kichwa kukubali.

Mama hakupiga kelele. Aliendelea kutafuna mpaka akamaliza kilichokuwa mdomoni, akanywa maji. "Basi tusingoje Jumamosi," akasema.

Asubuhi Sindano akaenda kwa Kimya. Walijuana, maana suruali zake ndiye aliyezitia viraka. Hakumtukana wala hakumtisha na polisi. Alimuuliza tu: "Kimya, kwenye gari lile, fungu lako ni lipi?"

Kimya akafikiri sana. "Kiti cha nyuma."

"Umeshakikalia?"

"Hajaniruhusu. Anasema nitakichafua."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo marefu zaidi ya Kimya tangu mwaka uanze, na yalipokwisha alimwandikia majina ya wenye vipuri, kisha akaenda kuchukua ile chupa ya dawa ya kikohozi, akaiosha vizuri, akaikausha. Gundi ya kweli aliinunua mjomba, kwenye duka lile lile la vioo alilowaaga, na kwa bei ile ile. Watu wa nyumbani wanasema kulipa kulimuuma kuliko mikono.

Adhuhuri Injinia alikuwa uwanjani na koti lake. Hakuwa na haja ya kuwapo, gari lilikuwa limekamilika, lakini alifikiri kufika ukweni mikono mitupu si jambo zuri. Akaliona gari jeupe dogo, kioo kiko dashibodi, na kando yake mama mmoja wa makamo, miwani mikubwa ya jua usoni, pochi kubwa kwapani, anahangaika kufunga buti lililojaa.

"Pole sana, mama."

"Ya kioo, eh?" mama akasema. "Kijana, ni wewe unayefanya bure?"

Injinia akaguna kidogo. Kazi yake siku zote ilikuwa kulifikisha neno hilo kwenye kinywa cha mteja, na huyu kaja nalo kutoka nyumbani. "Kwako wewe, mama, nitafanya bure."

"Maana mimi sina kitu. Kilichokuwepo chote nimenunulia cherehani." Akapiga buti kwa kiganja. "Jipya, halijatoka kwenye boksi. La umeme. Nina hofu mtu asije akaniibia."

Hapo moyo wa Injinia ukalainika kabisa. Alimwona Sindano amekaa mbele ya cherehani jipya, akilizungusha gurudumu kwa kidole na kumtazama yeye. Alijiona akishuka garini Jumamosi na boksi mikononi, na mama mkwe, ambaye hakuwahi kumwona hata kwa picha, akisema kumbe ndiye huyu. Macho yalimjaa maji. Wezi wengi wana moyo mzuri, tatizo ni mikono.

"Mama, kaa kwenye usukani," akasema. "Mimi nitaingia upande wa pili."

Akaingia, akafunga mlango. Akakwangua, akafuta, akasugua kichuma, akakifunga kioo kwa gazeti, akaeleza habari za ndege na madirisha yake. Alikuwa kwenye kiwango kizuri siku hiyo. Kimya alikuwa amempa chupa mwenyewe, imejaa, na kama Injinia asingekuwa anaongea sana angegundua kwamba kilichomo ni chepesi kuliko uji na hakinuki kama jana. Akamimina. Akafumba macho. Akazungusha vidole gumba viwili.

Miaka yote hiyo alikuwa ameuza gundi kwa ufasaha mkubwa, na jambo moja kuihusu lilikuwa limemtoka kichwani: kwamba gundi inanata.

"Sasa shika hapa, mama. Mikono miwili."

"Ngoja nivae miwani ya karibu. Wewe bana kwanza, kisidondoke." Mama akafungua pochi. Akatoa kitana. Akatoa leso. Akatoa dawa za presha akazisoma nyuma. Akatoa pochi nyingine ndogo, nayo akaifungua. Injinia akaendelea kubana, mkono mmoja huku na mmoja kule, akitabasamu kwa subira ya mtu anayejua kilichomo kwenye buti.

Miwani ikapatikana. "Haya," mama akasema, "lete nishike."

Injinia akavuta mikono. Mikono ikaja, vidole gumba vikabaki. Akavuta tena kwa adabu. Akavuta bila adabu.

"Mama, kuna kitu kimenata."

"Si gundi?"

"Ndiyo, lakini..."

"Sasa ulitaka ifanye nini?"

Injinia akamtazama kwa jicho la pembeni, kwa maana shingo haikugeuka mbali. Mama alikuwa amevua miwani ya jua. Alifunga mkanda, akafunga milango, akawasha gari.

"Kimya," Injinia akaita, akipiga paa kwa kiwiko. "Kimya, wewe."

Kimya hakujibu, jambo ambalo kwa siku nyingine lisingekuwa la ajabu.

Gari likatoka uwanjani taratibu, likipita kwenye kila tuta kwa heshima, na kwenye kila tuta Injinia akisema aa. Walipofika njia panda mama akasimama, mkono juu ya gia.

"Polisi ni kushoto," akasema. "Kwangu ni kulia. Nikate wapi?"

"Kwako kuna nani, mama?"

"Kuna watu wanaokufahamu."

Injinia akafikiri. "Na kule polisi pia wapo."

Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Mama alikuwa amezoea honi za nyuma yake, alikaa tu.

"Kulia, mama," Injinia akasema kwa sauti ndogo.

"Vizuri. Sasa nisaidie, maana sioni nyuma." Akanyoosha mkono, akalichana gazeti kwenye kioo kwa mpigo mmoja. "Nani anatufuata?"

Injinia hakuwa na pa kutazama pengine. Pua yake ilikuwa karibu na kioo hicho. Akaona barabara, kisha akaona gari linakuja nyuma yao, na ilimchukua muda kulitambua kwa sababu hakuwahi kuliona likitembea. Lilikuwa gari lake. Kwenye kiti cha mbele cha abiria alikaa yule bwana wa jana wa gari la kijivu, kanyooka, macho yake hayatoki kwenye tairi la mbele, kana kwamba analiambia livumilie. Kwenye kiti cha nyuma alikaa Kimya peke yake, kajinyoosha, mkono mmoja juu ya egemeo. Na kwenye usukani, mikono pale pale alipofundishwa kuiweka, mwendo umepunguzwa kwenye kona, alikuwa Sindano.

Hakuwa anacheka. Hilo ndilo lililomkata Injinia maini. Angekuwa anacheka, angepata pa kuanzia.

"Yule..." akasema.

"Binti yangu."

Walipovuka tuta la tatu Injinia akasema, "Nimeumbuka, mama."

"Bado," mama akasema. "Lakini mbona anaendesha bila kioo cha nyuma?"

"Sijakifunga. Sina gundi."

Mama akakohoa. Mpaka leo anakataa kwamba ilikuwa kicheko.

Kwa mama kulikuwa na ua mpana, na ndani ya ua watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukodi, kama vile kuna posa. Injinia aliwatambua mmoja mmoja kupitia kioo cha mbele, maana kugeuka hakuweza. Mwuza dawa. Mwalimu wa hesabu. Msimamizi wa mazishi, aliyemwinulia kofia. Kila mmoja alikuja na spana yake.

Hakuna aliyempiga. Walilizunguka gari lake wakalikamua. Mwuza dawa akachukua betri, mwalimu akang'oa redio akaipuliza vumbi, msimamizi wa mazishi akafungua taa moja moja na kuzilaza kwenye kitambaa. Mjomba akachukua tairi lake mwenyewe, hakuruhusu mtu amsaidie, na gari likapiga goti upande mmoja. Kiti cha nyuma hakikupata mwenyewe. Kimya aliendelea kukikalia mpaka wakamaliza kila kitu, kisha wakakitoa nje na yeye yumo, wakamweka kivulini.

Sindano alikuja na pamba na chupa ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Akainama ndani ya gari jeupe, akaanza kumlowesha kidole gumba cha kwanza, polepole, asimchune ngozi.

"Cherehani lilikuwa lako," Injinia akasema. "Nilitaka kukuletea wewe."

"Boksi ni tupu."

"Mimi sikujua."

"Najua hukujua." Akabadilisha pamba. "Ulitaka kuniletea cherehani la mama yangu."

"Sikujua ni mama yako."

"Kama angekuwa mama wa mtu mwingine?"

Kidole cha kwanza kikatoka. Injinia akakitazama kidole chake kama kitu alichoazima.

"Mimi ningekupokea Jumamosi hata ungekuja na miguu yako," Sindano akasema. Akainama zaidi kwenye kazi. "Mama alisema maneno yake, lakini mlango ni mimi ningefungua."

Kidole cha pili kikatoka. Kioo kikabaki pale pale kilipobandikwa, katikati barabara, hakisogei hata ukikitingisha. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kushika, na mama anaendeshea hicho mpaka leo.

Injinia akashuka. Lile gari lake lilikuwa limebaki bodi, magurudumu matatu, waya, na kile kioo kwenye dashibodi. Watu walikuwa wanafunga spana zao. Akadhani yamekwisha, akaanza kutafuta lango kwa macho, Sindano akamshika koti kifuani.

"Bado mimi sijachukua changu."

Akatoa mkasi mdogo mfukoni mwa gauni. Akafumua uzi mwekundu, mshono baada ya mshono, mstari wa kwanza, kisha wa pili, akauvuta wote mpaka ukamlalia kiganjani. Zile kalamu tatu, zilizokuwa zimesimama wima siku zote, zikaangukiana chini ya mfuko mmoja. Injinia alikuwa amevumilia betri, taa na tairi, lakini hapo machozi yalimtoka mbele za watu, na hakuyafuta.

"Jumamosi..." akaanza.

"Jumamosi ni Jumamosi. Sijaifuta mimi." Sindano akauzungusha uzi kwenye kidole chake. Akaingiza mkono ndani ya bodi, akatoa kile kioo, akampa. "Hiki ulikinunua. Nilikuwepo. Ukija, uje kwa miguu, na uwe na kazi ya kumtajia mama."

Injinia akakipokea kwa mikono miwili. Akaenda mpaka langoni, akasita, akageuka.

"Samahani, mama. Ile gundi... imebaki kidogo?"

Aliyejibu ni mjomba, kutoka kwenye tairi alilolikalia. "Imebaki nusu chupa. Inauzwa."

"Bei gani?"

Mjomba akataja bei. Injinia akaaga.

Akaondoka kwa miguu, koti likimning'inia, kioo mkononi. Alipofika barabarani akakiinua mbele ya uso wake, kama aliyekuwa anapima pa kukibandika hewani, akaendelea kutembea hivyo bila kutazama aendako. Ndani ya kioo aliliona lango, na langoni alimwona Sindano amesimama, uzi mwekundu ungali kidoleni. Akakiinua zaidi amwone vizuri, na ndipo alipogonga nguzo ya umeme kwa paji la uso. Nyuma yake kikatoka kicheko anachokifahamu, na safari hii hakuhitaji kioo kujua ni cha nani.